Nepi za Mchungaji

Mwaka wa 1981 hakuna bendera iliyopepea kijijini kwetu Mwanda kwa fahari kama nepi za mtoto Pekka. Baba yake, Mchungaji Eero, mmishonari kutoka Ufini, alizifua mwenyewe na kuzianika mbele ya nyumba yao, juu kabisa mlimani, mahali palipoonekana kutoka kila shamba na kila duka. Mkewe alikuwa mkunga. Asubuhi alishika njia kwenda kuzalisha vijijini, na mume akabaki na beseni.

Aliyeumizwa zaidi na nepi hizo ni baba yangu mdogo, Crispus, mzee wa kanisa. Mkewe, mama mdogo Zipporah, alikuwa akimnyonyesha Wakesho, tena alikuwa mwanafunzi wangu wa ngumbaru, darasa la watu wazima nililofundisha kanisani nilipotoka chuoni. Alitaka kusoma Biblia bila kusomewa. Mtihani ulikuwa Ijumaa, na kwa wiki mbili hakuwa ameonekana darasani, kwa sababu darasa lilikuwa alasiri, na alasiri ilikuwa saa ya maji na ya kufua. Chuoni tuliambiwa nchi hujengwa na wote. Mbona basi nusu ya nchi hiyo nilikuwa naiona imeinama juu ya beseni?

"Baba Wakesho," Zipporah alimwambia mumewe siku ya Jumatatu, mimi nikiwa pale nakunywa uji, "wiki hii nisaidie nepi tu. Maji nitateka mwenyewe."

"Mimi? Nepi?"

"Mchungaji anafua."

"Mchungaji ni Mzungu. Hata jua humchoma vibaya."

"Sawa. Mtihani nitafanya. Nepi zitajua zenyewe."

Kesho yake Crispus alimchukua mwenzake Reuben, wakabeba kuku wa zawadi, wakapanda kwa Mchungaji kumsihi. Zipporah akanisukuma niwafuate. "Nenda, mwanangu. Uniletee neno zima, usiniletee nusu."

Mchungaji alitupokea kwa furaha, povu mpaka viwikoni. "Karibuni, karibuni! Nishikie kidogo, chai inafurika!" Akamtwika Crispus rundo la nepi zilizolowa, akakimbilia ndani.

"Weka chini," Reuben alinong'ona, kuku kwapani.

"Kwenye matope? Zimeshafuliwa hizi."

"Basi tundika. Zinakulowesha suruali ya kanisa."

Crispus akatazama kulia na kushoto, akatundika moja. Kisha ya pili. Alipokuwa kwenye ya tatu, mama mmoja aliyebeba kuni alisimama njiani.

"Mzee Crispus! Kumbe unajua!"

Mchungaji akarudi na sinia. Reuben akaonja, akatabasamu. "Chai tamu hii. Nani amepika?"

"Mimi."

Reuben akaweka kikombe chini kama aliyeungua. Baadaye kidogo akakichukua tena, maana kwa kweli ilikuwa tamu.

Crispus akakohoa. "Mchungaji, kwa heshima zote. Kufua hatukukatazi. Ila hiyo kamba, ungeihamishia nyuma ya nyumba."

"Nyuma hakuna jua."

"Wake zetu wanaziona."

"Kwani ni chafu?"

"Hapana, Mchungaji. Ni nyeupe mno."

Mchungaji alifikiri. "Nikizificha, mke wangu ataniuliza naona haya ya nini. Nitamjibu nini, Crispus?"

Tuliteremka bila ushindi na bila kuku.

Nilimpelekea Zipporah neno zima. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu uso wake ukakazika. Jumatano alikuja darasani, Wakesho mgongoni. Alhamisi pia. Nepi chafu zikarundikana uani, na Crispus akazizunguka kama mtu anayezunguka nyoka.

Ijumaa asubuhi, siku ya mtihani, ukungu ulifunika Mwanda hata jembe lako mwenyewe hulioni. Zipporah alimpa mumewe mtoto. "Ameshanyonya. Nepi safi ni hiyo aliyovaa, hakuna nyingine." Akaondoka bila kugeuka.

Yaliyofuata tuliyaona kupitia dirisha la kanisa, mtihani ukiwa katikati, jua lilipouondoa ukungu ghafla kama mtu anayevuta blanketi. Pale uani kwake alisimama Crispus, Wakesho amefungwa mgongoni kwa leso, mikono juu, kamba nzima imejaa nepi. Alikuwa ameutegemea ukungu umfiche. Ng'ambo ya bonde, naye mikono juu, alisimama Reuben, ambaye mkewe Tryphena alikuwa humu humu ndani akifanya mtihani. Reuben alikuwa anaanika kanga za mkewe.

Wakatazamana.

"Reuben!" sauti ikavuka bonde.

"Usiseme!"

"Sisemi! Na wewe usiseme!"

"Mimi nimeona nini? Kaza fundo, mtoto ataanguka!"

Mlima mzima ulisikia. Darasani kalamu zilianguka. Tryphena alificha uso kwenye dawati, mabega yakitetemeka. Hata msimamizi wa mtihani alisogea dirishani, akasahau kutukemea.

Zipporah peke yake hakuinua kichwa. Midomo yake ilifuata mstari, kidole kikifuata midomo, neno baada ya neno, mpaka chini ya ukurasa. Akaandika jina lake, herufi zote, akaliangalia. Halafu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nimemaliza," alisema. "Sasa naruhusiwa kucheka?"