Tuta la Mwisho

Pale chuoni kwetu Tabora, miaka ya Ujamaa, ligi ya mpira wa wavu ilikuwa na sheria moja ya mwalimu wa michezo iliyonitia wazimu: timu haiingii uwanjani mpaka mchezaji wake wa mwisho amalize kupalilia tuta lake kwenye shamba la chuo. Kwetu, wa mwisho siku zote alikuwa mpigaji wetu hodari, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, aliyepalilia kama anayetarizi kofia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, nimenawa, mikono inaniwasha, nazungukazunguka pembeni ya shamba.

"Ndugu, jua linazama," nilimwambia.

"Nikiacha mizizi, ndugu, kesho nitarudi hapahapa."

Nikashika jembe kwa hasira nikaingia kumsaidia, wenzangu wakafuata. Tulipomaliza, giza lilikuwa limeshaingia, na timu pinzani nao walikuwa bado wameinama kwenye matuta yao. Ilikuwa hivyo karibu kila jioni, mpaka wavu ukaozea mvuani.

Bingwa hakupatikana. Siku ya mavuno mkuu wa chuo aliyasifu mahindi yetu, kisha akamwita mbele mwalimu wa kilimo apigiwe makofi. Aliyesimama alikuwa yuleyule mwalimu wetu wa michezo.