Alifua Stempu za Shangazi Yake, Nami Nikamtazama Nikicheka

Admin, jina langu usilitaje, maana Ujiji tunajuana. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, kwetu Singida. Shule niliishia darasa la tano. Mwaka wa kumi na moja huu nabeba magunia ya dagaa mwaloni Kibirizi, na mgongo umeshaanza kunidai. Nimepanga chumba Ujiji kwa bibi mmoja mjane. Ananiita mwanangu, na nikichelewa ananiwekea ugali. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mtu akisimama mbele yake anaona kivuli tu.

Siku moja nilimbebea begi mzee mgeni aliyeshuka kwenye boti ya Bujumbura. Kazi yake ni kununua barua za zamani. Akaniambia, "Ukiona bahasha ya zamani, usibandue stempu. Stempu peke yake zilichapwa nyingi kama mchanga, hazina bei. Mimi nataka bahasha nzima, yenye mhuri wa posta ndogo ambazo siku hizi hazipo." Akasema anakwenda Mwamgongo, atarudi baada ya siku nne.

Nikamwambia Bibi kuna mnunuzi wa stempu. Akatoa kopo la biskuti, ndani barua zote ambazo marehemu mumewe alimwandikia akiwa kibarua wa mkonge Tanga. Bahasha thelathini na kitu, kila moja na mhuri wake. Bibi akasema, "Mwanangu, labda haya ndiyo macho yangu." Alitaka akatibiwe, amwone kitukuu chake sura.

Kosa lake ni kumwita mtoto wa kaka yake, msomi wa ukoo. Huyu mimi namwita Mheshimiwa. Aliwahi kukaa ofisini mjini, sijui akifanya nini, na tangu hapo tai haijatoka shingoni, hata jua la saa nane. Alikuja na simu, akapekua, akapiga kelele, "Shangazi! Stempu kama hii inauzwa bei ya nyumba!" Nikachungulia. Ile ya kwenye simu ilikuwa ya nchi nyingine kabisa, zimefanana rangi tu. Halafu ile ni bei mtu anayoomba. Hata mimi nikiandika mlangoni kwangu kwamba kandambili hizi ni milioni moja, nani atanunua?

Nikaanza kusema, "Yule mzee alisema mihuri..." Akanikata. "Kuli akishauri stempu, mimi nani? Nikabebe magunia?" Akacheka peke yake. Nikajibu, "Sawa, Mheshimiwa. Bibi, naenda kazini."

Sikwenda. Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka nikaegemea ukuta wa uani kwa nje, nikichungulia, hatua tano kutoka kwao. Nikamwona akibandua stempu kwa maji ya moto. Kisha akatia sabuni ya unga, akasugua ule wino wa mhuri kwa kidole gumba, moja moja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Bibi akasikia maji. "Unafua nini?"

"Tunafua utajiri, shangazi. Mnunuzi hapendi uchafu."

Akazianika kwenye wavu wa dagaa, jua kali. Bahasha akazitia jikoni, akachemshia chai. Barua tu ndizo alizorudisha kwenye kopo. Nami nilikuwa naziba mdomo nisicheke kwa sauti. Nilijisemea, acha aaibike, tuone tai itamsaidia nini.

Mnunuzi alirudi kama alivyosema. Akatoa kioo chake kidogo, akaangalia stempu moja iliyojikunja, akainusa. "Hii ni dagaa?" Mheshimiwa akamwambia azihesabu vizuri, zote safi. Mzee akauliza bahasha ziko wapi. Akajibiwa zimechemsha chai. Akafunga begi lake polepole, akasema, "Ulichokifua ndicho nilichokuja kununua." Akaondoka.

Mheshimiwa akamgeukia Bibi bila haya. "Tapeli huyo, shangazi. Hajui kitu." Kisha akaomba nauli ya bodaboda. Akapewa!

Jioni hiyo nilikula ugali kwa Bibi. Akanishika mkono, akasema, "Ungebaki nyumbani siku ile, mwanangu, ungemzuia. Nilijua wewe ulikuwa na neno." Niliacha ugali nusu. Tangu hapo hajataja macho tena. Kopo analo, anazipapasa zile barua tu.

Ninayo akiba ya kurudi kwetu, nimeiweka miaka miwili. Pamoja na kadogo nitakakokopa mwaloni, inatosha kumpeleka hospitali. Nimefikiria nimpe, niseme yule mzee nilimfuata na zile stempu, zimeuzika. Lakini nikisema hivyo, Mheshimiwa atatembea Ujiji nzima na tai yake akitangaza kwamba alifua vizuri, nami nitaishi nikimsikia. Nikisema ukweli kwamba pesa ni yangu, Bibi ataniuliza kwa nini, na itabidi nimwambie nilikuwa hatua tano, nacheka, wakati macho yake yanasuguliwa kwenye beseni. Mheshimiwa ni mjinga, hakujua. Mimi nilijua.

Ninyi mliosoma kunizidi, msinionee aibu. Nimpe kwa uongo huo, au nimwambie? Nishaurini kabla sijakata tiketi ya Singida nikakimbia.