Mafaili Ambayo Hakuna Aliyeyafungua

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo na onyo moja. "Mama Chacha, hapa hatuulizi kwa nini." Aliyesema hivyo ni Mkuu wa Masjala, na mimi nikaanza kumshuku dakika ile ile. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Ofisi ilikuwa ya kupima ardhi, hapa Nyamisangura, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Jina lake silitaji. Wenyewe wanajijua.

Kazi hiyo nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Anayetaka kucheka acheke. Lakini ninyi mnaosomea kompyuta sasa hivi nisikilizeni, maana kuna siku mtapewa kazi niliyopewa mimi, na mtaambiwa ni kufagia tu.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Vijijini Kewanja na Nyangoto kila mtu alikuwa na shimo, au na shemeji mwenye shimo. Ikisikika kwamba shamba litapimwa, asubuhi unakuta banda jipya juu yake, mabati manne na mlango. Hiyo tuliiita tegesha: unajenga haraka ili mpimaji akija akuhesabu, ulipwe fidia. Kwa hiyo ofisi ilimshuku kila mwananchi, na kila mwananchi aliishuku ofisi. Kila kaya iliyopimwa ilikuwa na faili lake kwenye kompyuta: mipaka, picha za nyumba, picha za makaburi, jina la mwenye kaya. Siku ya kuhamishwa kupisha mgodi ikifika, faili ndilo lingesema nani mwenyeji na nani mvamizi. Huna faili, wewe ni mvamizi. Hata kama umezaliwa hapo.

Nilianzia dirishani. Utaratibu wa Mkuu wa Masjala ulikuwa kwamba mwanamke akija kuulizia faili arudi na mume, na mjane alete cheti cha kifo. Haya. Lakini kwetu Wakurya kuna nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anamuoa msichana kwa ng'ombe, na watoto wa huyo msichana wanakuwa wa nyumba ya mama. Mkuu wa Masjala ni Mkurya, alijua vizuri sana. Wakija wawili hao, mama mtu mzima na mke wake, aliwaangalia juu ya miwani.

"Mume yuko wapi?"

"Ni mimi hapa," mama anajibu.

"Wewe? Nenda ulete mwenye ndevu!"

Foleni nzima inacheka. Na mimi nawaandikia karatasi ya kurudi siku nyingine, kwa mkono wangu huu. Wakati mimi mwenyewe nimeolewa hivyo hivyo! Bibi Ghati wa Nyangoto ndiye aliyenioa, Chacha wangu ni wa nyumba yake, na faili la shamba letu lilikuwa humo humo. Ofisini sikumwambia mtu. Niliogopa kuchekwa na foleni. Hilo najilaumu mpaka leo.

Baada ya mwaka nikahamishiwa chumba cha mashine, chini ya Mhandisi wa Mfumo, kijana wa Mwanza, mpole, anayekunywa soda asubuhi kama chai. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Diski, alisema, ni kama ghala. Kuna programu ya kugawa nafasi: faili likija, programu inalitafutia pa kukaa, halafu inaandika kwenye ramani kwamba hapa pana mtu. Sisi tulikuwa na programu mbili, ya zamani na mpya, na kila moja ilikuwa na ramani yake. Ilipoletwa mpya hawakuhamisha kila kitu kwa mkupuo. Faili la zamani likifunguliwa, lilihamia lenyewe kwenye ramani mpya. Lisipofunguliwa lilibaki kule kule.

Ndipo siku moja, mwaka wa nne tangu niajiriwe, akaniambia, "Mama Chacha, utoe ule msimbo wa mgao wa zamani. Umekufa, unatuchelewesha tu. Ukishautoa washa mfumo. Ukiwaka, tumemaliza."

"Na mafaili yaliyobaki kwenye ramani ya zamani?"

"Yapi? Faili lisilofunguliwa miaka mitatu halina mwenyewe. Hiyo ni tegesha."

"Tuna nakala za akiba?"

"Zipo, usihofu."

Mimi nikahofu. Niliziangalia hizo nakala. Zilichukuliwa kwa kufuata ramani mpya peke yake, kwa hiyo ambacho ramani mpya haikijui, nakala nazo hazikijui. Sasa hapa mnisikilize. Ukitoa msimbo wa zamani, ramani yake haisomwi tena na mtu. Programu mpya inaona pale ni uwanja mtupu, na faili jipya likija inalikalisha juu ya la zamani. Hakuna kengele, hakuna maandishi mekundu. Mfumo ungewaka vizuri kabisa, na watu wangekuwa wamefutwa.

Nikaichapisha ramani ya zamani, majina yaliyobaki. Arobaini na moja. Nikaanza kusoma, na nilipofika la sita nikarudi juu kusoma upya. Robi na mke wake. Nyangi na mke wake. Bhoke na mke wake. Wote nilizijua sura zao. Ni wale niliowaandikia karatasi za kurudi. Mafaili yao hayakufunguliwa miaka mitatu kwa sababu sisi tuliwafukuza dirishani miaka mitatu!

Kama Mkuu wa Masjala alipanga, au alikuwa anapenda tu kuchekesha foleni, sijui. Ushahidi sina. Namshuku tu, na sitaacha.

Sikumuomba mtu ruhusa. Nilifungua faili moja moja, nikihakikisha kila moja limehama kabla ya kugusa linalofuata. La kwetu, maana nalo lilikuwemo, nililiacha la mwisho, kwa sababu kila ukifungua faili, mfumo unaandika jina lako, na sikutaka isemwe nilianza na la nyumbani. Siku ya tatu, limebaki hilo moja, wakubwa wote wawili wakaingia.

"Bado hujautoa?" Mhandisi akauliza.

"Limebaki faili moja."

Mkuu wa Masjala akainama kwenye kioo. "Ghati wa Nyangoto. Huyu si ndiye unayekaa kwake?"

"Ndiye aliyenioa."

Akapiga makofi. "Ahaa! Kumbe! Wenzako wanategesha shambani, wewe umetegesha humu ndani!"

Nilimpa Mhandisi ile karatasi ya majina. Akasoma yote, polepole, soda mkononi. Halafu akasema neno moja, "Fungua."

Nikafungua. Mipaka yetu ikatokea, nyumba, makaburi mawili chini ya mkonge. Likahama. Nikautoa ule msimbo wa zamani mbele yao, mstari kwa mstari, nikawasha mfumo, ukawaka. Mchana nikapewa barua ya kufukuzwa kazi, kwamba nimefungua mafaili ya wananchi bila idhini. Shahidi aliyesaini ni Mhandisi. Hakuniangalia.

Sasa nalima Nyangoto na kufukuza mbuzi wa jirani. Ila Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi nambeba mdogo wake Chacha, naongozana na Bibi Ghati hadi dirishani. Mara ya kwanza tulimkuta binti mgeni.

"Shikamoo mama. Mume yuko wapi?"

"Ni mimi."

Binti akageuka kumtazama Mkuu wa Masjala, halafu akasema kama alivyofundishwa, "Anatakiwa mwenye ndevu."

"Nimenyoa," Bibi Ghati akajibu. "Fungua."

Safari hii foleni ilimcheka mwingine. Binti akasema faili halipo. Nikamtajia namba, nikamwambia aigeuze kompyuta tuone wote. Lilikuwepo. Jina la mwisho kulifungua lilikuwa langu. Tangu nifukuzwe, hakuna aliyeligusa.

Kwa hiyo tunakwenda kila mwezi. Hatuombi kitu kingine, lifunguliwe tu, tuone, tuondoke. Kesho atakuja mhandisi mwingine na msimbo mwingine wa kufagia, naye atauliza lipi halina mwenyewe. Na wewe uliyewahi kupewa karatasi ya kurudi kwa mwandiko wangu, nisamehe. Na urudi. Simama pale dirishani mpaka walifungue.