Embe Lililoonjwa na Popo

Juzi pale Sultan Hamud, kwenye kibanda cha maembe kando ya barabara, mama mwenye mtoto mgongoni aliyapita maembe yote mazuri, akachukua moja lenye alama za meno.

"Hiyo popo ameonja," muuzaji alimwambia. "Wacha nikupe ingine."

"Hii ndiyo nataka. Popo haguzi embe imeivishwa na dawa. Hii imeiva yenyewe, na ni ya mtoto."

Nyuma yangu alikuwa afisa wa afya, beji shingoni. Huku kwetu hao wote ni daktari. Akaingilia. "Mama, mate ya popo yanaweza kuwa na bakteria za magonjwa. Hata ukikata hapo ameuma, mate yameshaingia. Tupa hiyo."

Mama alilirudisha polepole, kama mtu aliyenyang'anywa.

Kisha daktari akajichagulia lake, safi, bila hata mkwaruzo. Akalinusa kwenye kikonyo, akaliminya, akamwinamia muuzaji na kuuliza kwa sauti ya chini: "Na hii haijawekwa dawa?"

"Haki ya Mungu, daktari, haijawekwa."

Daktari alimtazama muuzaji, akalitazama embe, akaliweka chini, akaenda zake mikono mitupu.

Mama naye akanyoosha mkono, akalichukua tena lile lenye meno.

Daktari alisema kweli tupu kuhusu popo. Shida ni kwamba mkaguzi wa maembe tunayemwamini amebaki mmoja tu, na huyo hanawi mdomo.