Gari Lililosalimia Kila Mtu

Mwaka uliofuata Uhuru, tajiri wangu alinunua gari la Mbelgiji mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa gari dogo jeupe la mazutu, ndiyo dizeli, na viti vyake vilikuwa vimepasuka upande wa dereva tu. Mbelgiji huyo alisimamia mashamba ya michikichi, na kila wiki alikwenda nalo Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, na kurudi. Tulizoea kuliona likipita kwetu Rumonge na vumbi lake, lakini moshi hatukuuona hata siku moja. Jambo hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote baadaye.

Tajiri aliuza mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilimwita Mzee, kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na kazi alinipa kwa ajili ya baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiachia darasa la sita, na kuendesha nilijifunza kwenye lori la kubeba mchanga. Siku aliponichukua aliwaambia watu wa barazani kwake, "Huyu mutoto ni kimya, hana fujo. Gari itakaa miaka mingi mikononi mwake."

Nilitaka sana maneno hayo yawe kweli, kwa hiyo niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Safari zetu zilikuwa nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi ufukoni, ufukoni hadi ghalani, na siku ya Ijumaa msikitini. Mtu mwenye miguu mizuri angeweza kuzitembea zote na kurudi kabla chai yake haijapoa.

Lakini sisi tulichukua muda mrefu kuliko mtu wa miguu. Mtaani kwetu huwezi kumpita mtu bila kumsalimia, na salamu si neno moja. Unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa kama yupo, kisha unaulizwa wewe, ndipo mnaagana kwa amahoro, yaani amani. Kwa miguu kila mtu alijua namna ya kufanya. Kwa gari hatukuwa na desturi, basi tukatumia ileile. Kila baraza tuliyoifikia, Mzee aliteremsha kioo na kuniambia, "Simama kidogo."

Siku moja nilimpita fundi cherehani bila kumwona. Kesho yake maneno yakamfikia Mzee: "Uhuru tumeupata juzi tu, na yeye amekwisha kuwa Mubiligi." Neno hilo lilimuuma. Tangu hapo sikumpita mtu. Nilikwenda kwa gia ya pili, mara nyingine ya kwanza, na wakati wa salamu niliacha injini ikinguruma. Kuizima na kuiwasha tena kulikuwa kazi, kwa sababu ilibidi kuvuta kitufe na kungoja waya mdogo uwe mwekundu kabla ya kujaribu. "Usizime," Mzee alisema. "Tutaichosha bure."

Baada ya miezi michache gari likaanza kukohoa. Asubuhi lilitoa moshi mweupe, mchana wa bluu, na nilipokanyaga mafuta kupanda kutoka ufukoni ukawa mweusi kabisa. Mafuta ya injini yalipungua nami sijui yanakwenda wapi. Kisha bomba la moshi likaanza kudondosha kitu kizito cheusi, na Ijumaa moja kikaingia kwenye kanzu ya Mzee mbele ya msikiti. Nilisafisha kila nilichoweza kukifungua. Nilizidi kwenda polepole, nikidhani labda nalikimbiza. Likazidi kuugua.

Mazutu yetu yaliletwa kwa mapipa na kuwekwa ghalani, kwenye ukuta mmoja na mapipa ya mawese. Ufunguo alikuwa nao Mzee, na wa pili nilikuwa nao mimi.

Pale ufukoni palikuwa na mchuuzi wa samaki, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwenye sauti ya kusikika hadi ndani ya ziwa. Siku moja wakati tunapakia magunia ya ndagala aliinama nyuma ya gari, akachovya kidole kwenye lile tone jeusi na kulinusa.

"Eh! Hii ni mawese!" akasema. "Mzee, gari yako inakula mawese! Shoferi anauza mazutu kwa wenye mitumbwi ya moteri, wewe anakupatia mboga!"

Watu wakacheka. Nadhani hata yeye alitaka kuchekesha tu. Ningecheka pamoja nao, au ningekasirika, yangeishia hapo. Mimi niliangalia miguu yangu.

"Ona," akasema, "anaangalia chini."

Mwisho wa wiki haikuwa mzaha tena. Mama yangu alirudi kutoka sokoni akaweka kapu chini bila kulifungua.

"Wanasema unauza mazutu ya Mzee."

"Siuzi, mama."

"Basi sema."

"Nimesema."

"Umeniambia mimi. Mimi nakujua. Waambie wao."

Sikujua nianzie wapi. Nikienda baraza kwa baraza kusema mimi si mwizi, wangeuliza kwa nini nahangaika. Nikinyamaza, kunyamaza kwangu kulikuwa kunajulikana tayari kwa maana moja. Nikaanza kujitilia shaka mimi mwenyewe. Labda nilikosea pipa siku moja? Lakini kila mara nilinusa kwanza, na mpira wa kuyanyonya kutoka pipani nilikuwa nauweka mdomoni mwangu. Mawese na mazutu mtu hawezi kuyachanganya kwa ulimi.

Mzee hakuniuliza kitu. Jumapili alinyosha mkono, nikampa ufunguo wa ghala.

"Kesho tunakwenda Bujumbura," akasema. "Fundi atafungua tangi. Akikuta mawese utarudi kwa miguu, na mlangoni kwangu usifike tena."

Asubuhi wapagazi watatu walilisukuma gari hadi likawaka, na barabara yote ikafunikwa na moshi. Mzee aliketi karibu nami, kofia magotini. "Leo usisimame kwa mtu," akasema. "Fundi anafunga saa sita, na mimi nataka kujua leo."

Basi sikusimama. Niliingiza gia ya tatu, kisha ya nne, ambayo mkono wangu ulikuwa karibu kuisahau. Mwanzoni mambo yalikuwa mabaya mno. Wanawake waliokuwa wakianika samaki kando ya barabara walivuta nguo kufunika vitu vyao, na mmoja alitutukana kwa Kirundi, mimi nikajifanya sisikii. Mzee alitazama mbele tu.

Tulipofika upande wa Muhuta injini ilianza kubadilika. Kile kikohozi kikawa mara mojamoja, kisha kikakoma. Usukani uliacha kutetemeka. Mvua ilikuwa imenyesha huko na barabara haikuwa na vumbi, kwa hiyo nilipotazama kwenye kioo niliiona njia yote nyuma yetu, safi, pamoja na ziwa. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Nilipogeuka, nikakuta Mzee naye amegeuka kutazama nyuma.

"Moshi uko wapi?"

"Sijui, Mzee."

"Hujui." Tukavuka daraja la magogo. "Miezi yote hii inatoa moshi. Jana nimechukua ufunguo, leo imepona."

Hata mimi, kama ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo. Kwa safari yote iliyobaki niliomba gari likohoe hata mara moja, liniokoe. Likaenda vizuri kama siku za Mbelgiji.

Fundi alikuwa mtu mnene mwenye ovaroli lisilojulikana rangi yake. Mzee alimweleza habari ya mawese, akininyoshea kidole. Fundi alitoa mazutu chini ya tangi, akayatia kwenye chupa, akayainua juani, akayanusa.

"Mazutu safi. Mawese yangelala chini na kuganda. Hamuna mawese humu."

"Leo," akasema Mzee.

"Leo na jana. Tangi haiwezi kudanganya."

Kisha akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, kikatoka kimevaa masizi hadi kwenye pete. Akafungua moja ya zile pua zinazonyunyiza mazutu ndani ya injini, akatuonyesha ukoko mweusi uliozunguka tundu lake.

"Munaendaga wapi na hii gari?"

"Sokoni, ufukoni, msikitini," akajibu Mzee. "Hatuitesi hata kidogo."

"Nauliza shoferi. Gia gani?"

"Ya pili," nikasema.

"Na ya nne?"

"Leo."

"Na mukisimama, munazima?"

"Hapana. Tunasalimia kwanza."

"Kusalimia kunachukua muda gani?"

Nikamtazama Mzee, nikatazama chupa ya mazutu. "Inategemea kama kuna mgonjwa."

Fundi alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Mimi sikuwa nimefanya mzaha. Alipopata pumzi alitueleza. Injini ya mazutu haina cheche. Inawaka kwa joto lake yenyewe. Ikiwa haijapata moto, mazutu hayaungui yote, yanabaki masizi na uchafu, na uchafu ule ndio unaoshuka kwenye bomba.

"Ni kama munawasha jiko, munaweka sufuria, na maji hayajachemka munazima moto," akasema. "Kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza maji yamechemka, na moshi umekwisha. Huyu kijana anaendesha vizuri sana, Mzee. Ndiyo maana gari inakufa."

Alisafisha zile pua, akabadilisha mafuta ya injini, na dawa aliyotoa ilikuwa moja: mara moja kwa wiki, saa nzima, gia ya tatu na ya nne, bila kusimama.

"Na mtu akiniita njiani?" Mzee akauliza.

"Umupungie mukono."

"Mkono tu?"

"Mukono tu, Mzee."

Kurudi nilingoja aseme kitu, hata kidogo. Nilimwona mara mbili akifungua mdomo, kisha akavaa kofia.

Kesho yake aliniita baada ya sala ya alasiri. Gari tuliliacha. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, baraza kwa baraza, na kila mahali alimaliza salamu zote, pamoja na za wagonjwa, kabla ya kueleza shida yake. Aliwaambia kwamba kila Alhamisi gari litakwenda hadi Kigwena na kurudi, saa nzima, bila kusimama. Kwamba si kiburi, ni dawa. Na kwamba fundi wa Bujumbura amekuta mazutu safi. Ufukoni yule mtu wa Uvira akamkatiza.

"Sasa mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi," Mzee akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Huyu hana kosa. Gari imeharibika kwa salamu zangu na zenu. Na wewe ndiye unaniwekaga muda mrefu kuliko wote."

Wakacheka, safari hii wakimtazama yule mchuuzi. Aliniuliza kwa nini basi niliangalia chini siku ile. Nikamwambia ndivyo nilivyo. Akafikiri, akasema, "Basi, ni sawa," akanipa samaki wawili wa mukeke.

Usiku nilimweleza mama yote. Alisikiliza huku akiwaparua wale samaki.

"Kwa hiyo ungepita mbio tangu mwanzo, gari lingekuwa zima."

"Ndiyo."

"Na wangesema mna kiburi."

"Ndiyo, mama."

"Mkaenda polepole, wakasema wewe mwizi."

Nikasema ndiyo. Alikaa na kisu mkononi, akinitazama, kama anayengoja nimwambie ni njia gani basi ingekuwa nzuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nalifikiria hilo tangu Muhuta, na sikuwa nimefika popote. Akaniambia nilete maji.