Mapigo Manne ya Kimya

Basi la bendi liliingia mji ule saa sita mchana, limejaa vumbi mpaka kwenye nyusi za dereva. Hakuna hata mmoja ndani aliyewahi kufika huko. Fundi, mzee wa mitambo ya sauti, ambaye alikuwa amezunguka nchi saba na kujifunza kuomba radhi na kuagiza chai kwa lugha tano, alichungulia dirishani akaona maduka ya viatu, kituo cha mafuta, kisha ukuta mrefu mweupe wa chuo cha wauguzi. Basi halijasimama vizuri, mlinzi wa geti akamwona mwimbaji dirishani. Akainua rungu kwa furaha.

"Utakubali tu!" alipiga kelele.

Wanaume ndani ya basi wakaangua kicheko. Mwimbaji, waliyemwita Chiriku kwa sababu zamani alikuwa hafungi mdomo, akavuta pazia.

"Umeona? Hata huku umefika," alisema Jemadari, mpiga gitaa na mwenye bendi. "Wimbo hauombi pasipoti."

"Wimbo wangu hauna maneno hayo."

"Dada, tafadhali, usianze. Watu tuna njaa."

Fundi alijua wimbo ulikotoka. Kabla ya bendi, Chiriku alifanya kazi miaka sita kwenye duka la vioo vya madirisha, akipima, akikata na kupanga, na dole gumba lake la kushoto lina makovu ya kutosha kuwa ushahidi. Kulikuwa na mteja mmoja, mkandarasi, mtu wa suti na salamu ndefu. Huyo alikuwa akisubiri mpaka Chiriku abebe kioo kizima kwa mikono miwili, ndipo apite nyuma yake na kumshika kiuno. Ukibeba kioo cha mita mbili huwezi kugeuka, huwezi kusukuma, hata kupiga chafya unaomba Mungu. Chiriku alimwambia hataki. Akamwambia tena. Alipomlalamikia mwenye duka, akajibiwa kwamba mteja ni mfalme na kiuno hakipungui. Siku moja Chiriku akaachia. Kioo kikaanguka, na kazi ikaanguka nacho.

Wiki ileile akatunga:

*Mikono yangu imeshika kioo,*
*mdomo wangu haukushika kitu:*
*nimesema sitaki.*

Baada ya "sitaki" aliacha kimya cha mapigo manne, vyombo vyote vinyamaze. Siku ya kurekodi alimsimamia Fundi begani. "Hapo asiingie mtu," alisema. "Nataka neno lisimame peke yake. Lisijibiwe."

Kwenye rekodi lilisimama. Redio zikaupiga, wanawake wasiomjua wakamwandikia, mmoja akamwambia ameucheza ofisini kwa sauti ya juu huku bosi wake akipita. Lakini jukwaani Jemadari hakuvumilia. Kimya kwenye muziki ni kama pengo mdomoni, alisema, watu watadhani umeme umekatika. Basi siku moja, kwa mzaha, yeye na mpiga ngoma wakalijaza lile pengo: "Utakubali tu!" Ukumbi ukalipuka. Fundi naye akacheka, akapandisha maikrofoni zao ili wasikike vizuri. Ni mkono wake uliopandisha. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Mtu aliirekodi kwa simu ikasambaa, na tangu siku ile Chiriku hakuwa na njia ya kupita. Muuza vocha alimjibu. Karani wa benki alimjibu, akiwa anahesabu noti. Siku alipompeleka mama yake kliniki ya macho, mgonjwa mmoja aliyefungwa bandeji jicho alimtambua kwa sauti, naye akamjibu. Mama yake aliuliza, "Mwanangu, huyu anakudai nini?"

Sasa Fundi alikuwa amepiga magoti ukumbini mwa chuo, anapitisha nyaya chini ya zulia, Chiriku akamjia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hii ya pili leo. Mtoto akisalimia mara mbili, ana shida."

"Leo ukumbi mzima ni wasichana. Mkuu wa chuo ametualika kwa ajili ya wimbo ule. Ameandika kwenye barua, wagonjwa wanawashika hawa watoto wodini, anataka wajue kukataa." Akachuchumaa. "Wafungie akina Jemadari maikrofoni. Mapigo manne tu, halafu uwafungulie."

"Atanifukuza."

"Akufukuze? Nani mwingine anajua ule waya usiofanya kazi mpaka utukanwe?"

Fundi alicheka. Chiriku hakucheka.

"Kama hata hapa halisimami," alisema, "basi mimi sina wimbo tena."

"Haya, mwanangu. Nitawafungia."

Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa sare nyeupe, mia nne hivi, madirisha wazi. Chiriku aliimba kama ambavyo Fundi hakuwa amemsikia kwa mwaka mzima, bila madoido, macho yake kwao. Alipofika kwenye mstari wa tatu, Fundi akateremsha vitufe viwili vya maikrofoni mpaka chini.

"Nimesema sitaki."

Pigo la kwanza. Jemadari akafungua mdomo mbele ya maikrofoni, pasitoke kitu. Fundi alisikia feni ya darini ikikwaruza. Akamwona Chiriku akivuta pumzi, mabega yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Kisha wasichana mia nne, kwa sauti moja, wakimnyooshea vidole na kucheka, wakajibu:

"Utakubali tu!"

Jemadari akatanua mikono. Ukumbi ukashangilia. Chiriku alimaliza ubeti uliobaki, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi, lakini Fundi, aliyekuwa na sauti yake masikioni kwa vipokea sauti, alisikia palipokatika.

Baadaye mwanafunzi mmoja mwenye mashavu ya kitoto alikuja nyuma ya jukwaa kuomba picha.

"Dada, wimbo wako ndio ulionipa mchumba!" alisema. "Nilimkataa mara saba. Kila nikisema sitaki, ananijibu kwa kiitikio. Mpaka nikachoka, nikakubali."

"Ukachoka," Chiriku akasema.

"Ee, ana bidii jamani!" Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Ndiyo hivyo. Tupige picha?"

Walipiga picha. Chiriku alimrekebishia kola ya sare, akaiacha mikono yake pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Msichana alipoondoka, akaenda kwenye basi akatoa begi lake.

"Siuimbi tena," alimwambia Jemadari. "Wala sipandi tena na ninyi."

"Acha utoto. Kesho tuna onyesho. Nitakupandishia malipo."

"Nimesema siendi."

Jemadari alitikisa kichwa, hana hata hasira, akiendelea kufuta nyuzi za gitaa. "Utarudi tu," alisema.

Chiriku alimtazama kuona kama amesikia alichokisema. Hakuwa amesikia.

Getini Fundi alimfuata mbio, waya mmoja bado umemning'inia begani. Alitaka kumwambia yote: kwamba ni yeye aliyezipandisha zile maikrofoni siku ya kwanza, kwamba kesho atazungumza na Jemadari kiume, kwamba asubiri, afikirie, alale kwanza. Akasimama mbele yake, katikati ya njia.

"Mwanangu, usiende."

"Fundi. Nimeshasema."

Neno la pili lilikuwa tayari mdomoni mwa Fundi, na la tatu nyuma yake. Aliangalia miguu yake ilipokuwa imesimama. Akasogea pembeni.

"Mimi ndiye niliyezipandisha," alisema akiwa pale pembeni. "Siku ile ya kwanza. Nilicheka."

"Najua. Nilikuona."

Alipita. Barabara ya kituo cha mabasi ilikuwa imenyooka, na Fundi alimwona kwa muda mrefu, begi likimpiga pajani, hajageuka. Ndani ya ua, Jemadari alikuwa akimwita aje akunje nyaya.