Jumapili, Saa Nane na Robo

Watu wa Mkolani, hapa Mwanza, wakikwambia mume wangu Apolinary ni mpole, usiwaamini haraka. Akishika kitu, kupe ana nafuu. Ile Pijo yetu, gari kuukuu, aliiokota uani kwa mapadri ikiwa bodi tupu. Akahangaika nayo miaka minne, huku mimi nikigombana naye kwa ajili ya oili kwenye mashuka. Siku ilipowaka alilia, jamani, mtu mzima na ndevu zake. Akasema, "Justa, mama yangu atapanda gari hili."

Basi mwaka sabini na tano, Jumamosi jioni, ikaja telegramu kutoka Ukerewe. Mama mkwe wangu, Mama Paskazia, tumbo limefunga, na daktari ameandika cheti apelekwe Mwanza akapasuliwe upesi. Meli ya kwenda huko haikuwepo mpaka Jumanne. Apolinary akasema tutazunguka kwa barabara, tuvuke na gari kwa pantoni.

Siku hizo petroli ilikuwa shida, na magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwenye mgonjwa aliruhusiwa, ila awe na cheti cha daktari. Tulilijua hilo, ndiyo maana tuliondoka alfajiri. Saa nne tuko kivukoni, pantoni ipo, mashine imegoma. Apolinary alivua shati akaingia kuwasaidia mafundi. Alipotoka, mweusi tii, mashine inanguruma. Lakini gari letu lilikanyaga Ukerewe saa nane na robo, na polisi amesimama pale pale.

"Zima gari, ndugu."

"Afande, namfuata mama yangu. Ni mahututi."

"Cheti kiko wapi?"

"Anacho mwenyewe nyumbani. Maili sita tu."

"Basi kilete. Nikikiona, utapita."

"Nitakileta vipi, na gari umelizuia?"

"Sheria sikutunga mimi, ndugu."

Nilichemka! Nikamuuliza kama yeye alizaliwa na mama au aliokotwa jalalani. Apolinary akanishika mkono. "Nyamaza, Justa. Akituweka ndani, mama atafuatwa na nani?"

Akaazima baiskeli, akaondoka. Mimi nikabaki ndani ya gari zima, lenye petroli, lisilo na kasoro hata ya msumari, nikilia kwa hasira.

Saa kumi na moja wakatokea. Wanaume wanane walikuwa wamembeba mama juu ya kitanda ili tusipoteze muda kumfuata, wakipokezana, Apolinary mbele na cheti mkononi. Polisi akakisoma mara mbili, akakikunja vizuri, akasema kwa heshima kabisa, "Haya, ndugu, piteni."

Tupite twende wapi? Pantoni ya mwisho ilikuwa imeondoka saa kumi. Tuliiona ng'ambo, imefungwa kamba. Apolinary alipiga honi mpaka mkono ukachoka, wala hakuna aliyegeuka.

Tukamlaza mama kiti cha nyuma.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Ndilo hili?" Akakipapasa kiti kwa kiganja. "Zuri, baba. Mbona haliendi?"

Apolinary aliushika usukani kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma mume wangu siku ile kuliko siku yoyote.

Mama alikata roho Jumatatu, jua linachomoza, tungali pale pale kivukoni. Pantoni ya kwanza ilifika saa moja, ikashusha mlango wake mbele yetu, tupu. Polisi alikuja, akavua kofia, akasema leo ruksa, hata cheti hakihitajiki. Apolinary hakumtazama. Aliwasha gari, likaitika mara moja. Akaligeuza, akaipa pantoni mgongo, tukampeleka mama nyumbani kwake tukamzike.